Motokaa Mbili, Zama Mbili

Wazee wana desturi ya kusifu vitu vya zama zao, na vijana wana desturi ya kuvicheka. Mzee husema kwamba jembe la zamani lilikuwa jembe kweli, na kijana hujibu kwamba hajapata kuliona jembe la zamani likilima kuliko trekta. Mabishano ya namna hii huanza jioni na kwisha usiku bila ya mshindi, kwa sababu kila mmoja amekuja na mizani yake mwenyewe, na mizani zisizolingana haziwezi kutoa uzito mmoja. Kazi moja ya elimu ya historia ni kutufundisha kupima vitu vya zama mbalimbali kwa haki, tusikidharau cha kale kwa kuwa ni cha kale, wala tusikisifu cha kisasa kwa kuwa kinang'aa.

Katika insha hii tutazipima motokaa mbili za Marekani zilizopata sifa kubwa duniani. Ya kwanza ni Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1908. Ya pili ni Mustang, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1964. Zote mbili zilitoka katika kampuni moja, kampuni ya Ford, iliyoasisiwa mwaka wa 1903 katika mji wa Detroit. Baina ya motokaa hizi mbili ipo miaka 56. Mtu aliyezaliwa mwaka ilipotoka ya kwanza aliweza kuinunua ya pili naye hajafikia umri wa uzee. Swali letu ni hili: ipi kati ya hizo ilikuwa motokaa bora? Swali ni jepesi kuuliza, lakini jibu lake halipatikani kwa kutazama mshale wa mwendo peke yake.

Na tuanze na nchi kabla ya motokaa. Marekani ya mwaka wa 1908 ilikuwa nchi ya reli nzuri na barabara mbaya. Mtu aliweza kupanda gari la moshi katika mji wa New York akavuka bara zima mpaka pwani ya Pasifiki. Lakini mkulima aliyekaa mbali kidogo na stesheni alikuwa kama mtu wa kisiwani. Barabara za mashambani karibu zote zilikuwa za udongo mtupu: wakati wa kiangazi ni vumbi, wakati wa mvua ni tope la kufika magotini, na baada ya mvua ni makorongo yaliyokauka. Motokaa zilikuwapo, lakini aghalabu zilikuwa kubwa, nzito na za thamani, na waliozimiliki walikuwa matajiri wa mijini. Mkulima aliziona kuwa ni vitu vya kutisha farasi wake na kuua kuku wake.

Henry Ford alikuwa mtoto wa mkulima, naye aliyajua matope hayo. Yeye na mafundi wake, miongoni mwao Childe Harold Wills na Joseph Galamb, waliazimia kuunda motokaa moja tu, nyepesi, yenye nguvu, na ya bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuilipa. Tarehe 1 Oktoba 1908 Model T ilitolewa. Uzito wake ulikuwa kiasi cha kilo 540. Injini yake ilikuwa na silinda nne, zenye ukubwa wa lita 2.9 kwa jumla, na nguvu zake zilikuwa nguvu za farasi 20. Katika barabara nzuri iliweza kwenda maili 40 mpaka 45 kwa saa, yaani kilomita 64 mpaka 72. Kwa macho yetu mwendo huo ni mdogo. Kwa macho ya mtu aliyezoea mkokoteni wa farasi ulikuwa mwendo wa kuondosha kofia kichwani.

Lakini sifa ya Model T haikuwa mwendo. Sifa yake ya kwanza ilikuwa chuma chake. Sehemu zake nyingi za kazi ngumu ziliundwa kwa feleji iliyochanganywa na vanadiamu, madini yanayoifanya feleji kuwa ngumu bila ya kuizidishia uzito. Sifa ya pili ilikuwa kimo chake. Tumbo la motokaa hii lilikaa juu sana, hata visiki na mawe ya njiani yalipita chini yake salama. Sifa ya tatu ilikuwa ulegevu wa mwili wake. Springi zake zililazwa kwa upana, moja mbele na moja nyuma, hata gurudumu moja liliweza kutumbukia shimoni na jingine kupanda jiwe, na mwili wa motokaa ukajipinda bila ya kuvunjika. Motokaa ngumu hushindana na njia. Hii ilikubaliana nayo, kama mti mwembamba unavyokubaliana na upepo.

Uendeshaji wake ungemshangaza dereva wa leo. Ilikuwa na pedali tatu, lakini hata moja haikuwa ya kuongeza petroli. Pedali ya kushoto ilikuwa ya gia mbili za kwenda mbele, ya katikati ilikuwa ya kurudi nyuma, na ya kulia ilikuwa ya breki. Petroli iliongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilichokaa karibu na usukani. Injini iliwashwa kwa kupiga hendeli mbele ya motokaa, na hendeli hiyo iliweza kurudi kwa ghafula na kuvunja mkono wa mtu asiyejihadhari. Stata ya umeme ilianza kupatikana katika Model T mwaka wa 1919. Tangi la petroli liliwekwa chini ya kiti, na petroli ilifika katika injini kwa kuteremka yenyewe, bila ya pampu. Kwa hiyo katika mlima mkali, petroli ikiwa kidogo, injini ilikosa kinywaji chake na kuzima. Madereva walipata hila: waligeuza motokaa na kuupanda mlima kinyumenyume. Hapo tangi lilikuwa juu ya injini, na gia ya kurudi nyuma ilikuwa yenye nguvu kuliko zote. Mtu aliyekwenda mlimani kwa kisogo hakupendeza kutazama, lakini alifika.

Ushahidi mkubwa wa tabia ya motokaa hii ulipatikana mwaka uliofuata. Mwezi wa Juni 1909 yalifanywa mashindano ya motokaa kutoka New York mpaka Seattle, safari ya zaidi ya maili 4,000 kuvuka bara la Marekani, kwa ajili ya maonyesho makubwa yaliyokuwa yakifanyika Seattle. Ford alipeleka Model T mbili. Zilishindana na motokaa kubwa na nzito, za bei ya juu na zenye nguvu nyingi kuliko zake. Mashariki, palipokuwa na barabara, motokaa nzito hazikuwa na taabu. Lakini magharibi, katika tope, mchanga na mito isiyo na madaraja, nguvu ziligeuka kuwa mzigo. Motokaa nzito ikizama, huhitaji farasi wa kuivuta. Model T ikizama, watu wachache waliweza kuiinua na kuiweka pakavu. Model T moja ilifika Seattle baada ya siku 22, ikiwa ya kwanza, na motokaa ya kampuni ya Shawmut ikafika saa kumi na saba hivi baadaye.

Ford aliutangaza ushindi huo nchi nzima. Lakini baada ya miezi michache ilithibitika kwamba Model T iliyoshinda ilibadilishwa injini njiani, jambo lililokatazwa na kanuni za mashindano, na ushindi ukachukuliwa ukapewa Shawmut. Kufikia wakati huo watu wengi walikwisha kuisikia habari ya kwanza, na habari ya pili haikuwafikia wote. Mwanafunzi wa historia na aliweke jambo hili moyoni: tangazo huenda mbio kuliko sahihisho lake. Hata hivyo ukweli mmoja ulibaki. Motokaa nyepesi ya bei nafuu ilikuwa imevuka bara mahali ambapo motokaa nzito zilipata taabu, na wakulima waliona.

Walionunua waliitumia kwa kazi ambazo hazikuandikwa katika kitabu chochote cha kiwanda. Walipeleka maziwa na nafaka mjini. Waliinua gurudumu la nyuma kutoka ardhini, wakalifunga ukanda, na motokaa ikawa mtambo wa kukata kuni, kusaga nafaka na kupiga maji. Ilipoharibika, mwenyewe aliitengeneza chini ya mti kwa nyundo, bisibisi na waya. Na bei yake ilizidi kuteremka. Mwaka wa 1908 ilianza kwa dola 850. Mwaka wa 1925 ile ya viti viwili iliuzwa kwa dola 260.

Bei iliteremka namna gani? Mwaka wa 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Ford na wasaidizi wake walianza kuunganisha motokaa katika mstari unaotembea. Fundi hakuifuata motokaa tena. Motokaa ilimfuata fundi, naye alifanya kazi moja ndogo, ile ile, kutwa. Kazi ya kuunganisha mwili wa chini wa motokaa moja iliyochukua saa 12 na nusu ilipunguzwa mpaka kiasi cha saa moja na nusu. Faida ilikuwa kubwa, na gharama yake kwa binadamu ilikuwa kubwa vile vile. Wafanyakazi walichoka na kazi isiyobadilika, wakaacha kwa makundi. Mnamo Januari 1914 Ford alitangaza mshahara wa dola 5 kwa siku ya saa 8, karibu mara mbili ya mshahara wa kwanza. Lakini hizo dola 5 hazikupewa kila mtu: sehemu yake ilikuwa na masharti, na wakaguzi wa kampuni waliingia majumbani kutazama kama mfanyakazi anaishi kwa unadhifu, kama halewi, na kama anaweka akiba. Motokaa iliyompa mkulima uhuru wa kwenda atakako ilizaliwa katika kiwanda ambamo mfanyakazi hakuwa huru hata nyumbani kwake.

Model T iliundwa mpaka mwezi wa Mei 1927, na jumla yake ilizidi milioni 15. Hapakutokea motokaa ya namna moja iliyoipita kwa idadi mpaka Volkswagen ya Ujerumani, ile yenye umbo la mende, ilipoipita mwaka wa 1972. Iliyoimaliza Model T haikuwa ubovu, bali kufanikiwa kwake. Iliingiza watu wengi katika motokaa hata serikali zikalazimika kujenga barabara. Na barabara zilipojengwa, motokaa ya matope haikuwa na kazi tena. Watu walitaka mwendo, raha na rangi. Tangu 1914 mpaka 1925 Model T ilitolewa kwa rangi nyeusi peke yake, na washindani wake waliwapa watu nyekundu, buluu na kijani. Mgeni aliyefungua mlango alitolewa na wale waliomfuata ndani.

Sasa tuvuke miaka tufike mwaka wa 1964. Marekani ilikuwa nchi nyingine. Sheria ya mwaka wa 1956 ilikuwa imeagiza kujengwa barabara kuu za kiasi cha maili 41,000, pana na zilizonyoka, zisizokatwa na njia nyingine. Watoto wengi waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili, iliyokwisha mwaka wa 1945, walikuwa wanafikia umri wa kuendesha motokaa. Walikuwa na fedha, nao hawakutaka motokaa iliyofanana na ya baba zao. Lee Iacocca, mkuu wa tawi la Ford katika kampuni hiyo, aliliona soko hilo. Motokaa aliyoisimamia ilionyeshwa rasmi tarehe 17 Aprili 1964 katika Maonyesho ya Dunia ya New York, kwa bei ya kuanzia ya dola 2,368. Jina lake lilikuwa Mustang, jina la farasi mwitu wa nyika za Marekani. Siku ya kwanza yaliandikwa maombi ya motokaa 22,000. Katika miezi 12 ziliuzwa zaidi ya 400,000. Na kabla ya miaka miwili kutimia idadi ilifika milioni moja.

Chini ya umbo lake zuri Mustang haikuwa na maajabu mengi. Sehemu zake nyingi zilitoka katika motokaa ya Ford iliyoitwa Falcon, motokaa ya adabu ya kwenda sokoni na kanisani. Ubunifu wake ulikuwa katika sura na katika hiari. Mnunuzi aliweza kuchagua injini, gia na mapambo, hata Mustang moja ikawa ya mwalimu na nyingine ikawa ya mtu wa mashindano. Injini ndogo ya kwanza ilikuwa na silinda sita, na nguvu za farasi 101. Injini kubwa ya miaka hiyo ilikuwa na silinda nane, na nguvu za farasi 271. Mustang yenye injini hiyo kubwa iliondoka kwenye kusimama ikafika mwendo wa maili 60 kwa saa katika sekunde nane hivi. Model T haikuweza kuufikia mwendo huo kabisa katika barabara ya tambarare, hata ikipewa kutwa nzima.

Tuzilinganishe basi mahali zinapolinganika. Injini ya Model T ilikuwa ya lita 2.9. Injini ndogo ya Mustang ilikuwa ya lita 2.8. Matumbo yao yalikuwa karibu sawa, lakini moja lilitoa nguvu za farasi 20 na jingine 101. Mara tano! Nguvu hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika mambo matatu. La kwanza ni kasi ya mzunguko: injini ya Model T ilifikia nguvu zake zote katika mizunguko 1,600 kwa dakika, na ile ya Mustang katika mizunguko 4,400. La pili ni kupumua: vali za injini mpya ziliwekwa juu ya silinda, hewa ikaingia na moshi ukatoka kwa wepesi. La tatu ni kubana. Injini ya Model T iliubana mchanganyiko wa hewa na petroli mara nne hivi kabla ya kuuwasha. Ya Mustang iliubana zaidi ya mara nane. Mchanganyiko ukibanwa zaidi, mlipuko wake husukuma pistoni kwa nguvu zaidi.

Lakini hapa msomaji na asimame kidogo. Kwanza, hesabu za nguvu za zama hizo hazikupimwa kwa namna moja na za leo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa peke yake mezani, imevuliwa vitu vingi inavyobeba ikiwa ndani ya motokaa. Kwa hiyo zile nguvu 101 zilipungua zilipofika barabarani. Pili, kubana huko kulikuwa na deni. Petroli ya zamani ikibanwa sana huwaka kabla ya wakati wake, na injini hugonga na kuharibika. Mnamo 1921 Thomas Midgley, mwanakemia wa kampuni ya General Motors, alivumbua kwamba dawa yenye madini ya risasi huzuia kugonga huko, na kuanzia 1923 petroli yenye risasi ikauzwa. Injini zenye nguvu zikawezekana. Lakini risasi ni sumu. Ilitoka na moshi ikaingia katika mapafu ya watu na katika vumbi la miji, na madhara yake makubwa ni katika akili za watoto wadogo. Marekani iliikataza kabisa katika motokaa za barabarani mwaka wa 1996. Kenya na nchi nyingine za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa mwaka wa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka wa 2021. Hivyo sehemu ya nguvu zilizosifiwa katika barabara za Detroit ililipiwa na watoto wa Nairobi na wa Lagos ambao hawakupata kukaa ndani ya Mustang hata siku moja.

Tatu, nguvu si kitu bila ya mahali pa kuzitumia. Ushahidi wa jambo hili hatuhitaji kuutafuta mbali. Mwaka ule ule wa 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki motokaa zake za Mercury Comet, zenye injini kubwa za silinda nane. Safari hiyo, iliyoanza mwaka wa 1953, ilifanywa wakati wa Pasaka, majira ya mvua, katika barabara ambazo nyingi zilikuwa za udongo. Comet zilikuwa na nguvu nyingi, lakini mbili tu ndizo zilizomaliza, nazo zilikuwa nyuma. Aliyeshinda ni Peter Hughes pamoja na Bill Young, katika Ford Cortina iliyoundwa Uingereza, motokaa ndogo yenye injini ya lita 1.5. Somo la mwaka wa 1909 lilirudiwa baada ya miaka 55: katika matope uzito ni adui, na nguvu zisizopata pa kushika huchimba shimo la kujizika. Kwa haki tuongeze kwamba mwezi wa Septemba wa mwaka huo huo Mustang zilishinda katika daraja lake kwenye mashindano ya motokaa ya kuizunguka Ufaransa, palipokuwa na lami. Kila samaki na maji yake.

Yako mashindano mengine yaliyo makubwa kuliko ya mwendo, nayo ni ya kusimama. Breki ya mguu ya Model T ilishika katika gia, ikazuia magurudumu ya nyuma tu. Mustang ilishika magurudumu yote manne. Mtu angesema basi kwamba Mustang ilikuwa salama zaidi. Lakini kanuni ya elimu ya mwendo ni kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inayotakiwa kuuzima huzidi mara nne. Na Mustang ya injini kubwa iliweza kwenda zaidi ya maili 110 kwa saa. Breki zilikuwa zimeongezeka, lakini mwendo ulikuwa umeongezeka vile vile.

Tazama hesabu ya waliokufa. Mwaka wa 1921 barabara za Marekani ziliua watu 13,000 hivi. Mwaka wa 1966 ziliua zaidi ya 50,000. Anayetaka kuisifu enzi ya Model T atazionyesha hesabu hizi. Lakini zipo nyingine. Mwaka wa 1921, kwa kila maili milioni 100 zilizoendeshwa na motokaa zote za nchi, walikufa watu 24 hivi. Mwaka wa 1966, kwa maili hizo hizo, walikufa watano na nusu. Anayetaka kuisifu enzi ya Mustang atazionyesha hizi. Hesabu zote nne ni za kweli, wala hakuna aliyesema uwongo. Tofauti ni swali. Ukiuliza hatari ya safari moja, ilipungua. Ukiuliza idadi ya majeneza, iliongezeka, kwa sababu safari zilizidi kuwa nyingi. Mwenye busara huuliza maswali yote mawili kabla ya kutoa hukumu.

Wamarekani wenyewe hawakuridhika na majeneza hayo. Mwaka wa 1965 Ralph Nader, mwanasheria kijana, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba viwanda vilijali sura na mwendo kuliko maisha ya abiria. Mwezi wa Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoipa serikali uwezo wa kuamuru kanuni za usalama. Motokaa za mwaka wa 1968 zilitakiwa ziwe na mikanda ya viti, na mhimili wa usukani unaokunjika badala ya kumchoma dereva kifuani. Mambo hayo hayakuongeza mwendo hata kidogo, wala hayakutangazwa kwa mbwembwe, lakini hesabu ya waliookolewa nayo ni kubwa kuliko hesabu ya farasi wote wa Mustang.

Imebaki mizani ya mwisho, ambayo ni bei. Dola 260 na dola 2,368 hazilinganishwi kwa kutazamwa, kwa sababu dola ya mwaka wa 1925 si dola ya mwaka wa 1964. Njia nzuri ni kuuliza mtu alifanya kazi siku ngapi ili aipate motokaa. Mfanyakazi wa Ford aliyelipwa dola 6 kwa siku mwaka wa 1925 aliweza kuinunua ile Model T ya viti viwili kwa mshahara wa siku 44. Mfanyakazi wa viwandani wa mwaka wa 1964 alipata kwa wastani dola mbili na nusu hivi kwa saa, yaani dola 20 kwa siku ya saa 8. Mustang ya bei ya chini ilimgharimu mshahara wa siku 118. Kwa mizani hii motokaa ya kale imeishinda mpya mbali sana. Hata hivyo tukumbuke kwamba mfanyakazi wa 1964 alipata kioo cha kupanda na kushuka, kipasha joto, stata ya umeme na paa lisilovuja. Hakununua kitu kile kile.

Basi ipi bora? Kwa mwendo, Mustang. Kwa nguvu, Mustang. Kwa matope, kwa bei, na kwa wepesi wa kutengenezwa na mwenyewe, Model T. Kwa kusimama, Mustang, ikiwa dereva wake ana akili ya kwenda polepole. Lakini nadhani liko jibu jingine, nalo hupatikana tukiuliza kila motokaa iliondoa shida gani. Model T ilimkuta mtu amefungwa na umbali, ikamfungua. Ilimkutanisha mkulima na daktari, mtoto na shule, mazao na soko. Mustang ilimkuta mtu aliyekwisha kufunguliwa, ikampa furaha. Furaha si kitu cha kudharau, kwani binadamu haishi kwa kubeba mizigo tu. Lakini aliyempa mwenziwe njia ametoa kikubwa kuliko aliyempa mwendo.

Wasomaji vijana watakutana na mashindano kama haya maisha yao yote, si ya motokaa tu bali ya mitambo, ya sheria, ya mila na ya watu. Wataambiwa kwamba hiki kina nguvu mara tano kuliko kile. Na waulize: nguvu hizo zimepimwa namna gani? Zitatumika katika njia ipi? Nani atalipa deni lake? Anayeuliza hivyo hatadanganywa na mng'ao wa rangi mpya, wala hatapumbazwa na hadithi tamu za kale. Kila zama na kitabu chake. Kazi yetu ni kuvisoma vyote viwili mpaka ukurasa wa mwisho, ndipo tuhukumu.